Bunduki kuukuu ya kuwindia: namna ya kuiokota kwa bei chee na kuifufua bila kuiharibu

Watu wa nyumbani nikiwaambia hobi yangu ni kununua bunduki zilizoota kutu na kuzirudishia uhai wananiangalia kama mtu aliyeanza kuchanganyikiwa, na siwalaumu, manake kule Tabora bunduki pekee ya raia niliyoizoea ni gobore la babu lililokazwa kwa mpira wa baiskeli, zingine zote zilikua za polisi na maaskari wa wanyamapori. Sasa hivi naishi Pennsylvania, mji mdogo, msimu wa kulungu ukianza baada ya Thanksgiving shule nyingi zinafunga ile Jumatatu watoto waende porini na baba zao. Na cha kuchekesha, hapa hata gobore lina msimu wake, baada ya Krismasi watu wanaruhusiwa kuwinda kwa gobore la jiwe la kiberiti, lile la kizamani kabisa. Babu angefika huku angekua mtu wa heshima.

Basi naandika ninavyofanya mimi, kwa Mswahili aliyeko Marekani anaetaka bunduki ya kuwindia na hataki kutoa dola mia nane kwa kitu kipya chenye kitako cha plastiki. Bunduki nzuri ya miaka ya 1950 bado inapatikana kwa dola mia mbili na kitu ukiwa na macho na subira. Mlioko nyumbani someni kama stori tu. Kenya uwindaji umefungwa tangu 1977, na Bongo kufungua fungua bunduki bila leseni ni njia fupi ya kwenda mahakamani.

Karatasi kwanza, bunduki baadae

Ukinunua dukani unajaza fomu ya serikali kuu namba 4473, dila (muuzaji mwenye leseni) anachekisha rekodi yako, mara nyingi dakika chache tu umemaliza. Raia na mwenye green card mwenye rekodi safi hana shida. Mwenye viza ya muda, kama mwanafunzi au mtalii, kwa ujumla hata kuishika ni marufuku, ila kuna vighairi na kimojawapo ni leseni halali ya uwindaji. Hapo usifuate ushauri wa kijiweni, mlipe mwanasheria wa uhamiaji nusu saa yake, kosa la bunduki kwa mgeni linaweza kukufukuzisha nchi. Kuna na swali la bangi ambalo linawaponza wengi, jimbo lako linaweza kua limeruhusu lakini ile fomu inakuonya waziwazi kwamba kwa sheria ya serikali kuu ni kosa, na kudanganya pale ni jinai. Usimnunulie mtu kwa jina lako, hata awe shemeji. Na usiwaze kabisa kuipeleka Bongo kwenye begi.

Namba ya usajili iliyokwanguliwa, weka chini uondoke. Ila ujue kwamba kabla ya 1968 bunduki za bei ndogo, hasa .22 na za marisau, zingine zilitoka kiwandani bila namba kabisa, hizo ni halali. Zamani zile mtu alikua anaagiza bunduki kwa posta kama anavyoagiza viatu, Oswald, yule aliyempiga risasi Rais Kennedy, aliipata ile bunduki yake ya Carcano mwaka 1963 hivyo hivyo, kwa jina la uongo, dola 19 na senti 95 na gharama ya posta juu. Sheria ya 1968 ndo ikafunga huo mlango.

Unatafuta nini hasa

Kanuni yangu ni moja na kila kitu hapa chini kinaizunguka. Nanunua bunduki ambayo ubaya wake uko nje. Kitako kimekwaruzika, kutu ya juujuu, varnishi imebanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, mtu alitoboa matundu ya ziada afunge darubini, raba ya nyuma imekua gumu kama jiwe. Hivyo vyote vinashusha bei na hakuna hata kimoja kinachomzuia kulungu kuanguka. Ubaya wa ndani, yaani mtutu uliolika, chemba (pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa) iliyochimbika, risiva (lile bodi la chuma linaloshika mtutu) iliyopasuka, huo hata ukipewa bure ni hasara.

Kitu cha pili ni majina yasiyo na jina. Zamani maduka makubwa hapa yalikua yanawaagiza viwanda bunduki halafu wanagonga jina lao wenyewe, na mpaka leo wauzaji wengi wanaziona kama takataka. Sears walikua na J.C. Higgins, baadae Ted Williams. Montgomery Ward walikua na Western Field. Western Auto waliita Revelation. Sasa ukiijua siri, Revelation modeli 200 ni Marlin 336 mwenyewe, Ted Williams modeli 100 ni Winchester 94, na Glenfield 30A ni Marlin 336 ile ile ila wamemvalisha mbao ya bei rahisi badala ya mbao ya mjozi. Chuma ni kile kile na jina ndo limebadilika, ila bei mara nyingi ziko mbali kabisa.

Mimi kipenzi changu ni J.C. Higgins modeli 50. Sears waliiuza miaka ya 50, mashine yake ni ya muundo wa Mauser iliyotengenezwa na kiwanda cha FN kule Ubelgiji, ambayo wapenda bunduki wanaiabudu, mtutu wa High Standard wa Connecticut uliopakwa kromu ndani. Yaani kutu ikishambulia kila mahali ndani ya mtutu inagonga mwamba. Zilitoka za .30-06 na .270, risasi ambazo unazikuta kila duka mpaka leo. Ya kwangu niliikuta duka la rehani mwezi wa pili, imeegemezwa mwisho kabisa wa safu nyuma ya gitaa mbovu, kikaratasi kinasema dola 289.

Vitu vya kukimbia, kwa haraka:

Springfield 1903, bunduki ya zamani ya jeshi la Marekani, yenye namba chini ya 800,000, au iliyotoka kiwanda cha Rock Island yenye namba chini ya 285,507. Enzi zile mafundi walikua wanapima joto la chuma kwa macho, kwa rangi yake tanuruni, sasa siku ya jua kali na siku ya mawingu chuma hakionekani sawa, zingine ziliungua zikawa ngumu kama kioo, na kioo hakikunji, kinapasuka. Ya ukutani sawa, ya kupigia hapana.

Browning za kuanzia miaka ya mwisho ya 60 hadi mwanzo wa 70. Mbao zao zingine zilikaushwa kwa chumvi na mpaka leo ile chumvi inakula chuma kutokea ndani. Omba ruhusa ufungue skrubu moja ya bamba la nyuma ya kitako, ikitoka imeliwa na kutu hata kama nje bunduki inang'aa, sema asante.

Risasi zisizopatikana. Bunduki ya dola 180 ambayo risasi zake unazisaka kwenye minada kama dawa ya kienyeji sio bei chee. Na majina yanadanganya, .303 Savage sio .303 ya Waingereza hata kidogo, na zile 8x57 za Kijerumani ziko za aina mbili, za zamani mtutu wake mwembamba kidogo kuliko risasi za baadae, ukichanganya unajitafutia msiba.

Mwisho, bunduki ya maana kihistoria. Ukikuta Winchester 70 ya kabla ya 1964 haijaguswa, rangi yake ya asili, usiifufue. Kila ukipitisha msasa pale unafuta pesa. Inunue kama bei iko sawa, ipanguse mafuta, basi.

Wapi na lini

Lini ni muhimu kuliko wapi. Mwezi wa kwanza na wa pili. Msimu umeisha, bili za Krismasi zimefika, watu wanauza. Ukienda mwezi wa tisa au wa kumi kila mtu amekumbuka kwamba Novemba inakuja na bei inapanda.

Maduka ya rehani nayapenda kwa sababu muuzaji anajua bei za simu na gitaa kuliko za bunduki za 1952. Minada ya mirathi vijijini pia, mzee amefariki, watoto wako California hawataki mazagazaga, ila pale huna muda wa kukagua sana, na watu wawili wakishaanza kushindana bei inakimbia, kwahiyo andika kiwango chako cha mwisho kwenye kiganja kabla hujaingia. Maonyesho ya bunduki siku hizi ni bei za ndoto mpaka Jumapili saa tisa mchana, watu wanaanza kufunga meza na hawataki kubeba vitu kurudi navyo nyumbani. Mitandaoni kama GunBroker unapata vingi lakini unanunua picha, na bunduki lazima ije kwa dila wa kwako anaekutoza ada ya kukukabidhi. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia mara moja huko, picha kumi na mbili nzuri na hakuna hata moja ya ndani ya mtutu. Ndo siku hizi nikiona tangazo bila hiyo picha naandika ujumbe kuomba, nisipojibiwa napita.

Kununua kwa mtu binafsi kila jimbo lina sheria yake. Mimi hata pale ambapo sheria hainilazimishi napitisha kwa dila, namlipa hela yake kidogo nalala usingizi.

Kukagua kaunta: dakika kumi za maana

Beba mfukoni taa ndogo, kitambaa, pamba za masikio, na sumaku ndogo. Kabla ya chochote fungua bolti (lile komeo la nyuma ya mtutu), angalia chemba kwa macho halafu ingiza kidole, angalia magazini (kasha la risasi). Hata kama muuzaji amesema iko tupu. Hasa kama amesema iko tupu. Mdomo wa mtutu uelekee pasipo na mtu muda wote, hapo hata yule muuzaji atakuheshimu.

Toa bolti, mulika kutokea upande wa chemba, chungulia. Kama ni giza tupu usikate tamaa, omba ruhusa upitishe kitambaa, mara nyingi ni vumbi na mafuta yaliyoganda ya miaka thelathini. Unachotaka kuona ni mistari ya msokoto yenye kingo kali mpaka mwisho. Weusi weusi sawa. Vishimo vidogo karibu na chemba ni ishara kwamba mwenye nayo alipiga risasi za jeshi za zamani, zile kiwashio chake (kile kinachowasha baruti) kinaacha chumvi inayovuta unyevu, asiposafisha siku hiyo hiyo kwa maji, kesho yake kutu imeanza. Vishimo vichache bunduki bado inaweza kupiga vizuri, ila ndo hoja yako ya kushusha bei. Kama unaona duara jeusi kama pete katikati ya mtutu, mtutu umevimba, mtu alipiga ukiwa umeziba. Rudisha.

Ukingo wa mdomo: zungusha pamba ya masikio taratibu pale pembeni kwa ndani. Nyuzi zikinasa mahali pamoja kuna jeraha, na hapo ndo risasi inapoagana na bunduki, kwahiyo jeraha dogo tu inaenda kombo. Habari nzuri ni kwamba fundi bunduki anaupiga upya kwa bei ya kawaida.

Kitako, angalia nyuma ya chuma, pale mkono unaposhika, ufa hujificha hapo, kwenye Savage 99 ndo ugonjwa wao kabisa. Angalia skrubu. Skrubu ambazo vichwa vyake vimeharibiwa zinakuambia kuna mtu aliingia ndani na bisbisi ya jikoni, na kama aliharibu za nje unajiuliza za ndani alifanyaje. Sumaku ni kwa ajili ya kujua kama kile kifuniko cha chini ni chuma au alumini, manake alumini haikubali rangi ya chuma na utapoteza wikiendi nzima kujua hilo.

Na magazini ya kuchomoa, ipo? Savage 340 bila magazini yake ni mtego, ile magazini peke yake inaweza kukugharimu robo ya bei ya bunduki.

Halafu angalia darubini iliyofungwa juu. Watu wanaidharau kwa sababu imechakaa, lakini ukiona imeandikwa Weaver K4, El Paso, Texas, ni bomba la chuma na wako watu wanaitafuta. Usiitaje kwenye mazungumzo.

Kwenye ile Higgins mazungumzo yenyewe yalikua mafupi. Jamaa kaniambia, "Hiyo Sears bana, sijui hata kama inapiga." Nikamuonyesha kutu ya juu ya mtutu, nikamuonyesha raba iliyokauka, nikakaa kimya. Kukaa kimya ni silaha, Wamarekani hawawezi kuvumilia kimya. Kafika 225 peke yake.

Mezani: kufungua

Nunua bisbisi za bunduki, zile ncha yake imenyooka pande zote badala ya kuchongoka kama kabari. Hii ndo pesa ya kwanza kutumia, kabla ya dawa yoyote. Skrubu iliyogoma usishindane nayo, tia mafuta ya kupenya, subiri usiku mzima, asubuhi gusisha kichwa chake kwa pasi ya kulehemu kiasi cha dakika moja hivi, irudie mafuta. Mimi kuna moja ilinikalia siku tano. Siku ya sita ikatoka kama vile haijawahi kukataa.

Piga picha kila hatua na simu, weka skrubu kwenye trei ya mayai kwa mpangilio. Trigga iache ilivyo, ioshe tu kwa spirit na tone la mafuta, usikaze wala kulegeza springi yoyote mle ndani, trigga iliyochezewa ndo chanzo cha zile ajali za "ilifyatuka yenyewe".

Mtutu safisha kutokea nyuma kwenda mbele, sio kinyume, ili ufito usikwaruze ule ukingo wa mdomo. Brashi ya shaba, dawa kama Hoppe's namba 9, acha ikae robo saa, vitambaa, rudia. Vikitoka vya kijani au bluu ni shaba ya risasi za zamani inayeyuka, endelea mpaka vitoke safi, inaweza kuchukua siku tatu. Nawa mikono kabla ya kula, mle kuna madini ya risasi kweli kweli.

Kutu: usikwangue, chemsha

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo sehemu tamu na ndo sehemu watu wanaharibu. Mtu akiona kutu mkono unaenda kwenye msasa. Usifanye hivyo. Msasa unaondoa kutu, unaondoa rangi ya asili, unaondoa na maandishi ya kiwanda, unabaki na bomba jeupe.

Kutu nyepesi: mafuta mengi na stilwuli ile laini kabisa ya sifuri nne, sugua taratibu kama unampaka mtoto losheni. Palipogoma tumia senti ya Marekani ya kabla ya 1982, hizo zilikua karibu shaba tupu, na shaba ni laini kuliko chuma kwahiyo inakwangua kutu haikwarui chuma. Za baadae ni zinki iliyopakwa shaba juu, hazifai. Nina senti ya 1967 ambayo imeshafanya kazi kwenye bunduki nne.

Kutu nzito ya rangi ya tofali, kama ya Higgins yangu, unaigeuza. Kutu nyekundu ikichemka kwenye maji inabadilika kua oksidi nyeusi, ambayo ni ile ile rangi nyeusi wanayoitaka mafundi wa Uingereza wanaotengeneza bunduki za bei ya nyumba. Yaani kutu yako ni rangi ambayo haijaiva tu.

Unahitaji chombo kirefu. Mimi nilikata mfereji wa chuma wa paa, nikaziba ncha mbili, nikauweka juu ya majiko mawili ya gesi ya kambi uani. Sio alumini. Mtutu na risiva viwe vimetolewa kwenye mbao, bolti, trigga, springi na darubini vyote nje. Osha grisi yote kwa asetoni, kuanzia hapo glavu mikononi, mafuta ya kidole kimoja tu yanaacha doa. Maji yawe ya dukani yaliyochujwa madini, ya bomba yanaacha madoa meupe. Yakishachemka tumbukiza mtutu, acha nusu saa ukitokota.

Mara ya kwanza nilisimama pale na kikombe cha chai natazama, dakika kumi hakuna kitu, nikasema basi nimefeli, kisha ile rangi ya tofali ikaanza kua kahawia, kahawia ikawa kama kahawa, na nilipoutoa na waya ulikua mweusi ti kama sufuria la msibani, wenye unga unga kama wa makaa. Maji yanakauka yenyewe hapo hapo kwa sababu chuma kina moto. Sasa chukua stilwuli safi ambayo umeiosha kwa asetoni, hii hainunuliwi na kutumika moja kwa moja manake inakuja na mafuta, sugua ule unga. Chini yake inatokea rangi ya kiza kizuri, bluu-nyeusi. Rudia kuchemsha na kusugua mara mbili tatu mpaka usione wekundu. Ukimaliza, mafuta kila mahali kungali na joto, na ndani ya mtutu pia, kitambaa chenye mafuta mpaka kitoke upande wa pili. Kama mtutu wako hauna kromu ndani hili usiliahirishe hata kwa simu ya mama.

Vishimo havitaondoka. Vitabaki, ila vyeusi, havili tena. Mimi naviacha.

Ile rangi ya chupa inayopakwa baridi ni ya vichwa vya skrubu na mikwaruzo midogo tu, ukipaka mtutu mzima unapata mabaka kama chui. Na ile ya viwandani ya chumvi za moto kwenye nyuzi 140 waachie wenye mitambo yao, inaunguza ngozi, na bunduki ya mitutu miwili iliyounganishwa kwa solda laini inaweza kuachana humo ndani.

Mbao

Varnishi ya zamani itoe kwa dawa ya kubandua, sio kwa msasa. Pale mbao inapokutana na chuma usiguse na msasa hata kidogo, ukipunguza nusu milimita chuma kitakaa juu ya mbao kama kofia kubwa kwenye kichwa kidogo na hakuna dawa. Mapambo ya misalaba yaliyochongwa yapige mswaki wa meno tu.

Mbonyeo unanyanyuliwa kwa mvuke, weka kitambaa chenye maji juu yake, gusisha pasi ya nguo, fyuuu, nyuzi za mbao zinavimba zinarudi. Mbao ikipasuka au ikikatika nyuzi hainyanyuki, hiyo inataka gundi ya epoksi. Ufa wa nyuma ya risiva uingize epoksi mpaka chini kabisa, funga kwa mpira, siku mbili. Mpira wa baiskeli ndo bora kuliko klampu zote nilizonunua, babu alikua sahihi.

Kama mbao imekua nyeusi karibu na chuma ni mafuta ya miaka mingi yameingia. Changanya unga wa chaki na asetoni mpaka iwe uji mzito, paka, acha ikauke, unga unageuka kahawia kwa mafuta uliyoyanyonya, brashi, rudia. Nje, mbali na moto, asetoni haina utani.

Kisha mafuta ya kitani yaliyochemshwa, tabaka jembamba kwa kiganja, sugua mpaka kiganja kipate moto, futa yote yaliyobaki, subiri siku, rudia. Kumi ni nzuri, sita zinatosha. Sasa sikiliza: vitambaa vya mafuta ya kitani vikikunjwa vinapata joto vyenyewe na kuwaka, sio imani, mafuta yanapokauka yanatoa joto. Vitandaze nje kimoja kimoja au vitumbukize kwenye ndoo ya maji. Siku ya kwanza mimi nilivirundika pembeni ya mashine ya kufulia, nusu saa baadae navigusa ni vya uvuguvugu kama chapati. Niliteremka ngazi navyo nakimbia.

Kabla ya risasi ya kwanza

Ipeleke kwa fundi bunduki. Hapa hakuna ubahili. Apime hedispesi, yaani ile nafasi kati ya uso wa bolti na pale ndani ya chemba risasi inapogota, ana vipimo vyake viwili vitatu vya chuma, kazi ya dakika chache. Nafasi ikizidi ganda linaweza kupasuka na gesi ikarudi kwako usoni. Aangalie pia kama chemba ni ya risasi iliyoandikwa kwenye mtutu, manake watu wa miaka ya 50 na 60 walipenda kuchonga chemba upya na hawakuandika. Akiwa na shaka atamwaga ndani madini laini yanayoyeyuka chini ya nyuzi 90, yakiganda anatoa umbo la chemba analipima.

Nyumbani, risasi zote ziwe chumba kingine, jaribu sefti (kile kitufe cha usalama kinachozuia isifyatuke): weka sefti, vuta trigga, achia trigga, toa sefti. Ikifyatuka hapo, rudi kwa fundi. Funga bolti kwa nguvu mara kadhaa, gonga kitako kwenye zulia, isifyatuke.

Risasi za kwanza tatu mimi naifunga kwenye tairi kuukuu pale kiwanja cha shabaha, navuta trigga kwa kamba nikiwa nyuma ya gogo. Wazee wa pale walinicheka. Cheka tu. Baada ya kila risasi naokota ganda nalichunguza, likiwa na mstari unaong'aa kuzunguka karibu na tako, au kiwashio kimetoboka, naacha siku hiyo hiyo. Zikiwa safi nakaa mezani, mita 50 kwanza halafu mia, miwani na viziba masikio. Higgins iliweka tatu kwenye duara la kifuniko cha soda ya chupa, na mwezi wa kumi na moja ikaingia porini.

Hesabu yake yote: bunduki 225, fundi 60, bisbisi, dawa, mafuta na asetoni kama 70 ambazo bado nazitumia kwenye zingine, raba mpya ya nyuma 28. Darubini niliiacha ile ile.

Kuhifadhi: kabati la kufungwa na ufunguo usijulikane na watoto, risasi kabati lingine. Usiiache ndani ya begi lake la sponji, sponji inashika unyevu na utaanza kuchemsha upya. Na isimamishe mdomo chini kitako juu, ili mafuta yaliyozidi yateremke kwenye mdomo wa mtutu badala ya kuingia kwenye mbao uliyoisumbukia wiki nzima na unga wa chaki.